Wacherokee na Hati Zao: Kwa Nini Taifa Moja Lina Serikali Tatu

Ukiuliza serikali ya Wacherokee, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa Marekani, iko wapi, jibu sahihi ni kwamba ziko tatu. Kubwa kuliko zote ni Cherokee Nation, yenye makao Tahlequah katika jimbo la Oklahoma na raia zaidi ya 450,000. Katika mji huo huo mdogo wa Tahlequah kuna serikali nyingine, United Keetoowah Band. Ya tatu ni Eastern Band of Cherokee Indians, iliyo zaidi ya kilomita 1,000 upande wa mashariki, kwenye milima ya North Carolina. Zote tatu zinatambuliwa rasmi na serikali ya Marekani, na kila moja ina chifu wake, baraza lake na masharti yake ya uraia.

Wengi wanaosoma habari za watu hawa huishia kwenye tukio moja: mwaka 1838, walipofukuzwa makwao kwa mtutu wa bunduki. Tukio hilo lazima lisimuliwe, lakini likisimuliwa peke yake linawafanya Wacherokee waonekane kama watu waliopita duniani wakaacha majonzi tu. Kumbe ni watu waliojiandikia sheria, wakachapa gazeti, wakashtaki jimbo zima mahakamani, na leo wanaendesha hospitali, mahakama na shule. Njia nzuri ya kuwaelewa ni kufuata hati zao, moja baada ya nyingine. Jambo la ajabu utakaloliona ni kwamba hati kadhaa zilizoandikwa ili kulifuta taifa hili ndizo ambazo leo linazishikilia kudai haki.

Kabla ya hati kulikuwa na koo

Asili yao ni milima ya Appalachia ya kusini, mahali ambapo leo pamegawanywa kati ya North Carolina, Tennessee, Georgia, Alabama na South Carolina. Lugha yao ni ya jamii ya Iroquois, na ndugu zake wengine walio hai, kama Mohawk na Seneca, wako mbali kaskazini kuelekea Kanada. Mji wanaouita mama wa miji yote ni Kituwah, kando ya mto Tuckasegee. Kilichobaki pale ni kilima cha udongo kilichobeba jumba la baraza, ambacho kwa miaka mingi kililimwa kama shamba la kawaida mpaka Eastern Band walipokinunua mwaka 1996.

Koo ni saba: Mbwa Mwitu, Kulungu, Ndege, Rangi, Nywele Ndefu, Buluu na Viazi Pori. Mtoto anaingia ukoo wa mama yake. Zamani nyumba na shamba la mahindi, maharage na maboga vilikuwa mali ya mwanamke; mume ndiye aliyehamia kwa mkewe, na aliyemfundisha kijana kuwinda na kuishi na watu alikuwa mjomba. Ukoo ndio uliokuwa sheria: ndugu yako akiuawa, haki ilidaiwa ukoo kwa ukoo, bila polisi wala hakimu.

Katika mfumo huo mwanamke alikuwa na sauti ya kisiasa. Nanyehi, anayejulikana pia kama Nancy Ward, alikuwa msichana tu mwaka 1755 mumewe alipouawa kwenye vita vya Taliwa dhidi ya Wacreek. Aliichukua bunduki ya marehemu akaendelea kupigana. Baada ya hapo alipewa cheo cha Ghigau, Mwanamke Mpendwa, kilichompa nafasi barazani na mamlaka ya kuokoa maisha ya mateka. Mwaka 1817, akiwa mzee, yeye na wanawake wenzake waliwatumia viongozi ujumbe wa kuwasihi wasiuze ardhi zaidi. Miaka kumi baadaye taifa liliandika katiba, na katiba hiyo ikawanyima wanawake kura. Katika yote ambayo Wacherokee waliiga kutoka kwa majirani zao Wazungu, naona hili ni mojawapo ya yaliyowagharimu sana.

Sonara asiyejua kusoma

Sequoyah alikuwa sonara. Hakujua kusoma Kiingereza wala lugha nyingine yoyote. Aliwaona Wazungu wakitazama karatasi na kujua aliyoyasema mtu aliye mbali, akashikilia kwamba hapo hapakuwa na uchawi wowote, ulikuwa ufundi, na ufundi unaweza kuundwa. Alianza kwa kuchora alama moja kwa kila neno. Alama zikawa nyingi hata kichwa kikashindwa kuzibeba. Akarudi kuyasikiliza maneno ya lugha yake upya, akagundua kwamba yote yanajengwa kwa sauti chache zinazojirudia. Kazi hiyo ilimchukua miaka kama kumi na miwili, huku jirani zake wakimshuku kwamba amerukwa na akili au anaroga.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuielewa siri ya mfumo wake haraka, maana sisi tulianza darasa la kwanza kwa kuimba ba, be, bi, bo, bu. Sequoyah naye aliikata lugha yake kwa silabi, ila kila silabi aliipa umbo lake moja. Irabu ni sita: a, e, i, o, u, na ya sita inayotokea puani, ambayo kwa herufi za Kilatini huandikwa v. Maumbo mengine yanafanana na ya Kilatini, lakini sauti haihusiani kabisa. Linalofanana na D husomwa a. Linalofanana na R ni e, T ni i, W ni la, M ni lu, S ni du. Jina la lugha yenyewe, Tsalagi, ni alama tatu tu: ᏣᎳᎩ. Alama zilikuwa 86, na leo zinatumika 85.

Mwaka 1821 aliwaonyesha wazee kazi yake akishirikiana na binti yake Ayoka. Mmoja aliandika aliyoambiwa, mwingine aliyekuwa mbali akaja kuyasoma. Wazee waliridhika, na watu wakaanza kufundishana majumbani. Kwa kuwa mzungumzaji wa lugha akishazijua alama anaweza kusoma neno lolote bila kuhangaika na tahajia, elimu ilisambaa upesi mno. Mwaka 1825 baraza liliukubali mfumo huo rasmi. Tarehe 21 Februari 1828, katika mji mkuu wa New Echota, ukatoka toleo la kwanza la Cherokee Phoenix, gazeti la kwanza la wenyeji wa asili nchini Marekani, safu moja Kicherokee na nyingine Kiingereza. Mhariri alikuwa Elias Boudinot, Mcherokee aliyesoma shule ya wamisionari, na mmisionari Samuel Worcester ndiye aliyesaidia kupata herufi za metali za kuchapia zilizotengenezwa Boston. Ndani mlikuwa na sheria za taifa, habari, nyimbo za dini na malalamiko dhidi ya Georgia.

Katika historia ya maandishi ni nadra sana kumpata mtu asiyejua kusoma aliyeipa lugha yake maandishi kamili, na watu wake wakayapokea ndani ya miaka michache.

Kushinda kesi na kupoteza nchi

Katiba ya Julai 1827 iligawa madaraka katika mihimili mitatu: bunge la mabaraza mawili, chifu mkuu na mahakama. Mwaka uliofuata John Ross alichaguliwa kuwa Chifu Mkuu, akashika nafasi hiyo hadi alipofariki mwaka 1866.

Georgia iliichukulia katiba hiyo kama uchokozi. Mwaka 1802 serikali ya Marekani ilikuwa imeiahidi Georgia kwamba itawaondoa wenyeji katika ardhi ya jimbo hilo, na sasa Wacherokee walikuwa wakitangaza kwamba wao ni taifa na hawaondoki. Mikataba iliwaunga mkono: ule wa Hopewell wa 1785 na ule wa Holston wa 1791 yote iliutambua mpaka wao. Kisha dhahabu ikapatikana karibu na Dahlonega. Georgia ikatangaza kuwa sheria za Wacherokee ni batili, na kwamba Mcherokee hawezi kutoa ushahidi mahakamani dhidi ya mzungu. Ardhi yao ikagawiwa wazungu kwa bahati nasibu. Mwezi Mei 1830 Rais Andrew Jackson akatia saini Sheria ya Kuwahamisha Wenyeji, iliyopita Baraza la Wawakilishi kwa tofauti ndogo sana ya kura.

Wacherokee walikwenda mahakamani. Mwaka 1831 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema wao si taifa la kigeni linaloweza kushtaki pale, ila ni taifa tegemezi lililo ndani ya nchi. Mwaka 1832 kesi ya pili ilifika. Georgia ilikuwa imemfunga Worcester, yule mmisionari, kwa kuishi kwa Wacherokee bila kibali cha jimbo. Jaji Mkuu John Marshall aliamua kwamba Wacherokee ni jumuiya yenye mipaka yake, na ndani ya mipaka hiyo sheria za Georgia hazina nguvu. Wacherokee walikuwa wameshinda. Georgia iliipuuza hukumu, Ikulu haikuchukua hatua, na Worcester akaendelea kukaa gerezani hadi Januari 1833.

Hapo ndipo taifa lilipopasuka. Boudinot, Major Ridge na mwanawe John Ridge walikuwa wapiganaji wakubwa wa kubaki. Walipoona hukumu ya mahakama ya juu kabisa haina wa kuitekeleza, waliamini kuwa watu wao wataangamia wakibaki. Tarehe 29 Desemba 1835, Boudinot, Major Ridge na kikundi kidogo wasio na idhini ya serikali ya taifa walitia saini Mkataba wa New Echota (John Ridge aliweka saini yake baadaye): nchi yote ya mashariki kwa dola milioni 5 na ardhi ng'ambo ya mto Mississippi. Ross alipeleka Washington pingamizi lenye majina zaidi ya 15,000. Seneti iliupitisha mkataba hata hivyo, kwa ziada ya kura moja tu juu ya theluthi mbili zilizohitajika.

Mwezi Mei 1838 Jenerali Winfield Scott aliingia na maelfu ya askari. Familia zilitolewa majumbani, zikarundikwa ndani ya maboma ya miti katika joto na ukame, na kuhara na surua vikaanza kuua kabla safari haijaanza. Vikundi vya kwanza vilipelekwa kwa mashua. Ross aliomba waliobaki wajiongoze wenyewe, na misafara kumi na mitatu ikaondoka majira ya vuli kupitia Tennessee, Kentucky, Illinois na Missouri. Huko Hopkinsville, Kentucky, walizikwa njiani viongozi wawili wazee, Whitepath na Fly Smith. Barafu kwenye mto Mississippi iliwazuia maelfu kwenye baridi bila makazi. Misafara ya mwisho ilifika Machi 1839. Inakadiriwa watu 4,000 kati ya 16,000 walikufa katika maboma, njiani na mara baada ya kufika. Wenyewe wanaiita Njia ya Machozi.

Sheria ya Wacherokee ilikuwa wazi kwamba anayeuza ardhi ya taifa bila idhini adhabu yake ni kifo. Tarehe 22 Juni 1839, siku moja, katika sehemu tatu tofauti, Major Ridge, John Ridge na Boudinot waliuawa.

Tatu zilitokeaje

Sasa fundo la serikali tatu linafunguka. Si wote waliosafiri mwaka 1838. Baadhi walikuwa wamehamia magharibi tangu muongo wa 1810, na walipofika wale wa Njia ya Machozi waliwakuta na serikali yao tayari. Pande hizo ziliungana kwa mapatano na katiba mpya ya 1839, ndipo Tahlequah ikawa mji mkuu wa Cherokee Nation. United Keetoowah Band wanajinasibisha na wale waliotangulia magharibi na pia na jumuiya ya Keetoowah iliyoshikilia mila. Bunge la Marekani liliwatambua mwaka 1946.

Wengine hawakuondoka kabisa. Katika bonde la Oconaluftee, North Carolina, watu wa mzee Yonaguska walikuwa wakiishi nje ya mipaka ya taifa. Yonaguska alikuwa amemlea kijana wa kizungu, William Holland Thomas, ambaye baadaye aliwanunulia ardhi kwa jina lake kwa kuwa jimbo lilikuwa halimtambui Mcherokee kama mmiliki. Pamoja na waliojificha milimani, hao ndio asili ya Eastern Band. Ardhi yao leo, Qualla, ina ukubwa wa hekta kama 23,000.

Deni la utumwa

Haiwezekani kuyasema haya yote na kunyamazia jambo moja. Matajiri wa Kicherokee, Ross na Ridge wakiwemo, walimiliki watumwa Weusi. Sensa ya 1835 ilihesabu karibu watumwa 1,600 katika taifa, na watumwa hao nao waliitembea Njia ya Machozi, wakiwapikia na kuwachotea maji mabwana zao. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani taifa liligawanyika, na Stand Watie, nduguye Boudinot, akawa jenerali wa mwisho wa upande wa Kusini kusalimu amri, Juni 1865.

Mkataba wa 1866 uliwapa walioachwa huru na wazawa wao haki zote za Wacherokee wa kuzaliwa. Kisha ikaja Tume ya Dawes, iliyoundwa na serikali ya Marekani. Lengo lake lilikuwa kuvunja ardhi ya pamoja, kumgawia kila mtu kipande chake, na kulimaliza taifa kabla ya Oklahoma kuwa jimbo mwaka 1907. Makarani waliandikisha watu katika orodha, na waliotokana na watumwa wakawekwa ukurasa wa peke yao, mara nyingi hata kama mama au bibi yao alikuwa Mcherokee wa damu.

Orodha hiyo iliyokusudiwa kuwa kitabu cha kufungia hesabu ndiyo leo mlango wa uraia. Cherokee Nation haiulizi kiasi cha damu. Inauliza kama unatokana na mtu aliyeandikwa katika orodha ya Dawes. Eastern Band hutumia orodha yao wenyewe, pamoja na kiwango cha damu, na United Keetoowah Band pia wana kiwango chao. Kwa hiyo mtu akikuambia ana damu ya Kicherokee kwa sababu bibi yake alisema hivyo, anaweza kuwa mkweli, lakini kwa serikali hizi tatu hilo pekee halimfanyi raia.

Wazawa wa watumwa walinyimwa kura mwaka 1983, wakarudishiwa uraia mwaka 2006 na mahakama ya Wacherokee wenyewe, na mwaka 2007 wakatolewa tena kwa kura ya maoni. Mwaka 2017 jaji wa serikali kuu aliamua kwamba mkataba wa 1866 bado unafunga. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Cherokee Nation ikaamuru maneno "kwa damu" yafutwe katika katiba. Naona uamuzi huo ulikuwa wa haki na ulichelewa. Taifa linaloidai Marekani itimize mikataba halina njia ya kuukwepa ule linalodaiwa lenyewe.

Hati zinazofanya kazi leo

Kwa miongo mingi baada ya 1907 Rais wa Marekani ndiye aliyemteua Chifu Mkuu. Uchaguzi ulirudi mwaka 1971. Wilma Mankiller, mwanamke wa kwanza kuwa Chifu Mkuu, aliongoza kuanzia 1985 hadi 1995. Kabla ya hapo alikuwa amewahamasisha wakazi wa kijiji cha Bell wachimbe kwa msaragambo mtaro wa bomba la maji wa kilomita 26, kila familia na kipande chake. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi ya jirani zao Wamuscogee, kwamba eneo lao la hifadhi halikuwahi kufutwa kisheria. Mwaka uliofuata mahakama ya Oklahoma ikasema vivyo hivyo kuhusu Wacherokee.

Na ule mkataba wa 1835? Kifungu chake cha 7 kinasema taifa litakuwa na haki ya mjumbe katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2019 Chifu Mkuu Chuck Hoskin Jr. alimteua Kimberly Teehee kuwa mjumbe huyo. Novemba 2022 kamati ya Baraza ilisikiliza hoja, lakini hakuna kura iliyopigwa, na United Keetoowah Band nao wanadai kuwa warithi wa ahadi hiyo hiyo.

Kilichobebwa mikononi

Si kila urithi uko kwenye karatasi. Wasukaji hukata mianzi ya mtoni, huipasua na kuikwangua mpaka iwe vipande vyembamba, kisha huipika na maganda ya mti wa jozi kupata rangi nyeusi au na mzizi wenye utomvu mwekundu kupata rangi ya machungwa. Kikapu cha kuta mbili huanzwa kitako cha ndani, hupandishwa hadi ukingoni, kisha mianzi ile ile hukunjwa na kusukwa kuteremka kwa nje. Kikikamilika huoni mahali kilipoanzia. Ustadi huo ulikaribia kupotea, na ukafufuliwa na wanawake wa Qualla katika karne ya 20. Mbegu nazo zimetunzwa: Februari 2020 Cherokee Nation ilipeleka aina tisa za mbegu za asili, zikiwemo za mahindi, maharage na maboga, kwenye ghala la mbegu la dunia lililo Svalbard, visiwa vya Norway. Na mwaka 2024 kilele cha juu kabisa cha milima ya Great Smoky kilirudishiwa jina lake la Kicherokee, Kuwohi.

Lugha ndiyo iliyo hatarini zaidi. Kitenzi chake, kama cha Kiswahili, hubeba mtenda, mtendwa na wakati katika neno moja, lakini huongeza jambo ambalo sisi hatuna: ukimpa mtu kitu, kitenzi hubadilika kulingana na kama kitu hicho ni kiumbe hai, kimiminika, kirefu na kigumu, laini cha kukunjika, au kitu kingine kigumu cha kawaida. Waliojifunza tangu utotoni wamebaki kama 2,000, wengi wao wazee. Mwaka 2019 serikali zote tatu zilikutana na kutangaza hali ya dharura ya lugha. Chanjo za korona zilipofika, Cherokee Nation iliwaweka wazungumzaji hao mstari wa mbele.

Tahlequah ina shule ya watoto inayofundisha kwa Kicherokee tangu 2001, na Eastern Band wana yao, New Kituwah. Lakini mpango unaonipa matumaini kuliko yote ni wa watu wazima: wanalipwa posho kukaa miaka miwili, saa 40 kwa wiki, wakiongea na wazee kwa Kicherokee tu, kisha wengi wao huajiriwa kufundisha. Kituo chao kilifunguliwa mwaka 2022 na kimepewa jina la Durbin Feeling, mwanaisimu aliyeandaa kamusi ya Kicherokee ya mwaka 1975 na aliyezitia alama za Sequoyah ndani ya kompyuta. Ndiyo maana leo mwanafunzi wa hapo anaweza kumwandikia bibi yake ujumbe wa simu kwa alama zile zile 85.